Pembe ya Kusikiliza Kilimia

Saa tisa na dakika kumi na saba alasiri, mstari uliokuwa ukijichora taratibu kwenye kompyuta yangu uliruka hadi juu ya kioo, ukashuka, ukaruka tena. Nilikuwa nimeketi katika stoo nyuma ya nyumba yetu hapa Boito, katika Konoin, nikisubiri nyota za Kilimia zipite juu ya antena. Kila mruko ulikuwa radi moja. Niliandika saa, kama ninavyofanya siku zote, kisha nikasikia mlio ng'ambo ya kijito. Haukuwa mlio wa mvua ya kawaida. Ulikuwa kama changarawe inayomwagwa na lori juu ya mabati.

Nikatoka mlangoni. Upande wetu yalikuwa yakianguka matone makubwa ya maji, basi. Ng'ambo, ukuta mweupe ulikuwa umesimama juu ya shamba la jirani yetu, mama mjane ambaye chai yake inapakana na kijito kama yetu. Mawe ya barafu yalinyesha kwa muda mfupi tu, na yalipokwisha, chai iliyokuwa kijani asubuhi ilikuwa imebaki vijiti. Kati ya mashina mawe yalilala mistari kwa mistari, kama mahindi yaliyopukuchuliwa na kuachwa chini.

Mvua ya mawe hapa kwetu hutembea hivyo. Hupita kama mtu anayefagia kwa ufagio mwembamba: shamba moja linakwisha, la jirani halijaguswa. Siku ile mpaka ulikuwa kijito. Nilirudi ndani nikaandika kwamba kipimo cha leo kimeharibiwa na radi, na kwamba nitajaribu tena kesho.

Yote yaliyofuata yalitokana na jinsi antena yangu inavyoonekana, kwa hiyo ni lazima niieleze. Ni faneli kubwa ya pembe nne, ya mabati ya alumini, mdomo wake una upana wa meza ndogo ya kulia. Wanaozitumia huziita antena za pembe, kama pembe ya kupigia mbiu. Imekaa juu ya fremu ya vyuma katikati ya uwanja wetu, mdomo ukielekea juu, umefunikwa nailoni ngumu ili maji yasiingie. Kutoka barabarani inaonekana vizuri sana. Mtu asiyejua kazi yake ataona jambo moja tu, kwamba imeelekezwa mawinguni.

Kazi yangu ya kula ni kusuka upya mota za umeme, hasa za feni zinazonyausha majani ya chai viwandani. Shule niliiacha kidato cha pili, upande wa ziwa nilikozaliwa. Mambo ya nyota nilijifunza mwenyewe, kwanza kwa vitabu vya mitumba, baadaye kwa simu. Mwanzoni nilitamani darubini ya vioo, lakini Konoin ni nchi ya mawingu, na mtu anaweza kukaa wiki mbili asione nyota moja. Ndipo niliposoma kwamba hidrojeni iliyotapakaa kati ya nyota hutoa mawimbi hafifu ya redio, yenye urefu wa sentimita ishirini na moja, na kwamba mawingu hayayazuii. Wala mchana hauyazuii. Mtu anaweza kula chakula cha mchana huku akisikiliza anga.

Nyota nyingi huzaliwa kwa mafungu, ndani ya mawingu ya gesi hiyo. Zikikua, zenyewe huipuliza gesi na kuitawanya, hadi fungu linabaki nyota tupu. Kuna kikundi cha watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali, kila mmoja na pembe yake ya kujitengenezea, wanaopima ni hidrojeni kiasi gani iko upande wa kila fungu la nyota linalojulikana. Pembe moja haioni kwa makini. Ya kwangu inatazama eneo la anga lenye upana wa ngumi mbili za mkono ulionyooshwa. Lakini vipimo vya wengi vikiunganishwa, ramani inatokea. Mimi walinipokea kwa furaha kwa sababu ya mahali ninapoishi. Tuko karibu na ikweta, na anga la kaskazini na la kusini yote mawili hupita juu ya chai yetu.

Utaratibu ni rahisi. Antena haizunguki, dunia ndiyo inayozunguka. Unaiinamisha kwa pembe fulani, unaiacha ipokee mkanda mmoja wa anga kwa siku kadhaa, kisha unaiinamisha zaidi kidogo na kuanza mkanda mwingine. Sharti ni moja: toka mwanzo hadi mwisho antena isifunguliwe. Ukiivunja na kuiunga upya, maungio yanabadilika, na vipimo vya jana havilingani tena na vya leo. Nilikuwa nimetumia karibu mwaka mzima. Mikanda yote ilikuwa tayari isipokuwa ule wa Kilimia.

Kilimia ni fungu la nyota ambalo hata asiyejua nyota hulijua. Mama mkwe wangu, ambaye ni mwenyeji wa hapa, huliita koremerik, na anasema zamani walilitazama ili kujua mavuno yatakuwaje. Shida yangu ilikuwa kwamba mwezi ule wa Aprili Kilimia kilikuwa kikipita juu yetu alasiri, saa ileile ambayo radi za Konoin huamka. Kila siku hupita dakika nne mapema kuliko jana, hivyo ningesubiri kingezikwepa radi; lakini kadiri ninavyosubiri ndivyo jua linavyokisogelea, na jua lina kelele yake ya redio inayofunika kila kitu. Nilikuwa na wiki tatu hivi za kupata alasiri moja tulivu.

Siku mbili baada ya mawe alikuja mwenye duka la mbolea. Huyu alihamia hapa kutoka upande wa Mlima Kenya, akanunua ploti sokoni na kipande cha chai karibu na kanisa. Alisimama mbele ya antena, mikono mfukoni, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kutaja bei.

"Fundi, hii mashine yako inafika wapi?"

"Mbali sana," nilimwambia. "Maelfu ya miaka ya mwanga."

"Basi pale kanisani si mbali."

Nikamwambia si mbali hata kidogo.

"Sasa sema bei. Mimi si mtu wa bure. Naweza kulipa kwa mwezi, vile tunalipa ya televisheni. Uniunganishe tu na mimi."

"Nikuunganishe na nini?"

Akanitazama kwa subira, kama tunavyomtazama mtu anayejifanya hajui ili bei ipande. "Fundi, mawe yalinyesha ng'ambo yote ile. Kwako hata jani moja halikupasuka. Si tuongee kama watu wazima?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliondoka akisema ataongeza kitu juu ya kile ninachofikiria.

Jioni nikamweleza mke wangu nikidhani atacheka pia. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe na hakuinua kichwa.

"Watu wanasema unasukuma," alisema.

"Nasukuma nini?"

"Mvua ya mawe. Inakuja kwetu, unaisukuma ng'ambo."

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Niliwaambia wewe hata ndama huwezi kusukuma."

Ilibidi anieleze, maana mimi nilikuja hapa nikiwa mtu mzima na sikuyajua ya zamani. Wazee wa huku wanakumbuka wakati mashamba makubwa ya chai yalikuwa yakirusha roketi kwenye mawingu ili mawe yasishuke. Hilo lilikuwa jambo la kweli, lililofanywa na wataalamu mchana kweupe. Wengine walisema zilisaidia. Wengine walisema mawe yalihamia tu kwenye mashamba ya wenyeji. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa akinituhumu uchawi. Walinituhumu ufundi. Walikuwa wameona kifaa kimeelekezwa mawinguni, wameona mawe yameishia kwenye kijito, wakajumlisha. Ningekuwa sijui hidrojeni, hata mimi pengine ningejumlisha hivyo.

"Nilienda kumpa pole mama wa ng'ambo kesho yake," mke wangu alisema. "Nilienda peke yangu. Hilo pia liliongelewa."

Siku iliyofuata akaja mzee wa kijiji. Ni mtu mpole, anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala karibu.

"Chamgei, fundi," alinisalimu kwa lugha ya huku.

"Chamgei mising."

Alikunywa chai, akauliza habari za kiwanda, akasifu ng'ombe wetu. Alipofika langoni ndipo akasema, "Hiyo kitu yako. Watu wangetaka uwaeleze. Alhamisi pale kituoni, kabla lori halijafika."

Kituo cha kununulia majani ni banda la mabati lenye meza ndefu za waya, mahali ambapo wakulima hupanga majani yao wakisubiri lori la kiwanda lije kupima. Lori likichelewa, pale ndipo mambo yote ya kijiji huamuliwa. Nilijiandaa kwa siku tatu. Nilichora picha ya antena, nikachapisha kwenye karatasi kubwa ule mstari wa siku ya mawe, wenye miruko ya radi, ili waone kwamba antena inapokea tu. Nilidhani huo ndio ushahidi wangu mkubwa.

Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Nilieleza kwa utaratibu, kuanzia hidrojeni. Walinisikiliza kwa heshima, wakivunja vijiti kutoka kwenye majani yao. Nikafika mahali pa kusema kwamba antena haitoi kitu chochote, inapokea tu.

"Hata kikapu kinapokea tu," alisema mama wa ng'ambo. Alikuwa amesimama upande wa mbele, kitenge kimefungwa juu ya koti. "Lakini chai inatoka kwa shamba."

Watu wakacheka. Na mimi nilikaribia kucheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Nikainua karatasi yangu. "Tazameni hapa. Hizi ni radi. Antena ilizisikia, kama vile sisi tunavyosikia. Haikuzileta."

"Hiyo karatasi ni ya siku gani?" akauliza yeye.

"Ni ya siku ileile, mama. Saa tisa na dakika kumi na saba."

"Kwa hivyo ilikuwa inawaka."

"Ilikuwa inawaka, ndiyo, lakini..."

"Inawaka saa ileile mawe yananyesha kwangu." Akawageukia wengine. "Mimi sina swali lingine."

Hapo nilijua nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia akasema roketi za zamani angalau zilikuwa na mlio, mtu anajua imerushwa. "Hii ya fundi imenyamaza. Hiyo ndiyo inanipa wasiwasi." Kijana mmoja wa kuchuma akapaza sauti kutoka nyuma: "Fundi, si utuwekee rimoti tu, kila mtu abonyeze zamu yake?" Kicheko kikawa kikubwa, na ndani yake nilimsikia mwenye duka la mbolea akinong'ona kwamba yeye ndiye alianza kuomba.

Mama wa ng'ambo hakucheka. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba msichana wake yuko chuo cha uuguzi na karo yake ni majani, na majani ya miezi miwili yamelala chini. Alisema hajui hidrojeni na hataki kuijua. Anachojua ni kwamba kabla ya kitu kile kusimamishwa, mawe yalikuwa yakigawana mashamba yote sawa.

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema kwamba hakuna aliyewahi kuandika mawe yalinyesha wapi na wapi, kwa hiyo hakuna ajuaye kama yaligawana sawa. Lakini lori likaonekana kwenye kona, na kikao kikavunjika palepale kwa sababu kila mtu alikimbilia nafasi yake kwenye mstari wa mizani. Mzee wa kijiji akanishika mkono kando ya gurudumu.

"Kufikia Jumatatu uwe umeishusha, fundi. Msimu wa mawe ukiisha utairudisha."

"Msimu unaisha lini?"

Akafikiria kwa dhati kabisa. "Hapa? Mungu anajua."

Nilitembea kurudi nyumbani nikipiga hesabu ya mikanda. Ningeifungua Jumatatu kabla ya kupima Kilimia, mikanda yote ya mwaka ule ingekuwa karatasi tu. Ningelazimika kuanza upya siku isiyojulikana, mahali ambapo ningehitaji ruhusa ya kila mtu kila wingu likitokea. Na kulikuwa na jambo zito kuliko hilo, ambalo mgeni yeyote anayeishi kwenye nchi ya wengine hulielewa bila kuelezwa. Nimeishi hapa zaidi ya miaka ishirini. Nimeoa hapa, nimepanda chai hapa. Nusu ekari yetu tuliuziwa na mjomba wa mke wangu. Sikutaka kuwa yule mtu aliyetoka ziwani akaja kusukuma mawe kwa wenyeji. Neno kama hilo likishajengwa, haliondoki na antena.

Ijumaa, baada ya kazi, nilivuka kijito. Mama wa ng'ambo alinikaribisha jikoni, akanipa chai kwa kikombe cha wageni. Mashina yake yalionekana mlangoni, makavu kama mifagio.

"Pole, mama," nilisema. "Ningekuja mapema."

"Kongoi," alishukuru.

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia nitaishusha Jumatatu asubuhi.

"Mimi sikuchukii, fundi," alisema. "Ulinitengenezea pampu na hukutaka pesa. Nataka tu kile kitu kisikuwe pale. Nikiamka nakiona kimefungua mdomo juu, moyo wangu unafanya hivi." Akafungua na kufunga kiganja. "Msichana amebakisha muhula moja."

Sikumbishia. Niliporudi nilikuwa nimekubali kabisa, na kwa namna fulani kukubali kulinipumzisha. Nilitoa spana, nikaziweka tayari kwenye ndoo. Nilijiambia bado kuna Jumamosi na Jumapili, alasiri mbili. Nikipata hata moja tulivu, Kilimia kitakuwa kimepimwa, na kazi yote itakuwa imekamilika kabla ya kuifungua.

Jumamosi radi zilianza mapema zikachelewa kuondoka. Hakuna kilichopatikana.

Jumapili, tulipotoka kanisani, anga lilikuwa safi upande wa Bomet na jeusi upande wa Kericho. Niliketi stoo. Mke wangu alikaa kwenye benchi mlangoni, akimenya viazi. Kilimia kilikuwa kimebakiza kama nusu saa kuingia katikati ya mkanda, na mstari ulikuwa mzuri sana, mtulivu, wa kumfanya mtu ashikilie pumzi. Kisha mruko mmoja. Kisha mingine, bila nafasi kati yake. Upepo wa baridi ukapita uwanjani, ule upepo ambao kila mkulima wa chai anaujua na kuuchukia, na jiwe la kwanza likagonga mdomo wa antena.

Yalishuka juu yetu. Hayakugusa pembeni, yalishuka katikati ya nusu ekari yetu kana kwamba yameelekezwa. Mabati ya nyumba yakanguruma hata sikusikia sauti yangu. Niliona majani yakiruka kutoka kwenye mashina, machanga, yale mawili na kichipukizi ambayo tulikuwa tuyachume kesho yake. Mawe yalirundikana kwenye nailoni ya antena hadi ikabonyea kama kitanda. Nikatazama ng'ambo. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na jua.

Mke wangu aliweka kisu chini ya benchi. Akanigeukia, akalazimika kupaza sauti ili nimsikie.

"Haya," alisema. "Sukuma."

Nilianza kucheka, naye akacheka, tukacheka hadi akalazimika kushika ukuta. Chai yetu ilikuwa ikikatwakatwa mbele ya macho yetu na mimi nilihisi kitu kikinishuka mabegani ambacho sikuwa najua kilikuwa kizito kiasi kile. Hakuna aliyehitaji kunieleza maana yake.

Mawe hayajayeyuka bado mama wa ng'ambo akatokea kwenye kivuko, viatu vya mpira miguuni, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya huku, mkononi. Hapa kwetu mtu aliyepigwa na mawe huletewa kitu cha kunywa, hata kama walioleta ni wale waliopigwa wiki iliyopita. Alimpa mke wangu kibuyu. Alinipa mkono.

"Pole, fundi."

"Asante, mama."

Akatembea polepole hadi kwenye antena. Aliizunguka. Akachungulia mdomoni, kwenye lile rundo la barafu, akagonga bati kwa kidole mahali palipobonyea.

"Kumbe haimjui hata mwenyewe," alisema.

Kisha akaona ndoo ya spana karibu na fremu. Akaisogeza kwa mguu hadi chini ya paa la stoo, kama mtu anayeondoa kitu kisinyeshewe. "Wacha ikae. Mzee nitamwambia mimi."

Jumatatu asubuhi kituoni, tulikwenda na kikapu kimoja tu, cha majani ya ukingoni yaliyosalia. Watu walitupa pole mmoja mmoja, kwa dhati. Lakini niliona pia wengine wakiuma midomo wasicheke. Yule kijana wa nyuma akaniuliza kama rimoti iliisha betri. Mwenye duka la mbolea akanivuta kando.

"Fundi, ile mambo ya kulipa kwa mwezi, tuiache kwanza."

"Tuiache," nilisema.

"Si kwa ubaya. Ni vile nimeona haina network."

Mzee wa kijiji alitangaza kwa sauti yake ileile ya chini kwamba kifaa cha fundi kikae tu, hakuna mtu anayekiogopa sasa. Hapo nilifungua kinywa. Nilitaka kuwaeleza kwamba kwa haki, mawe kunyesha kwangu mara moja hakuthibitishi chochote, kama vile kunyesha ng'ambo mara moja hakukuthibitisha. Ningeweza kuonyesha hilo kwa hesabu fupi. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza ya waya, akauacha mguu wake pale hadi mzee alipomaliza.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu wakati ule. Maelezo yangu sahihi yalishindwa kabisa, na kilichoniokoa kilikuwa hoja ambayo ningeikataa kama ingeletwa na mtu mwingine. Sijui nifanye nini na ukweli huo, ila kuuandika kama ulivyokuwa.

Bati lilikuwa limebonyea mahali pengi. Nililinyoosha kwa nyundo ya mpira bila kulegeza ungio lolote, kisha nikarudia kipimo cha majaribio, kile cha kuelekeza antena ardhini na baadaye kwenye anga tupu. Namba zilikuwa zilezile kwa kadiri ninavyoweza kupima. Nilizisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Jumatano ilikuwa na mawingu mazito bila radi. Kilimia kilipita juu ya Boito nyuma ya mawingu hayo, mchana, bila mtu yeyote kukiona, na mstari ukapanda polepole, ukatengeneza kilima kidogo, ukashuka. Hidrojeni ile nyingi si ya Kilimia chenyewe. Wenye darubini kubwa walikwisha kueleza kwamba Kilimia kinapita sasa ndani ya wingu ambalo hakikuzaliwa humo. Kimekutana nalo njiani. Nilituma mkanda huo pamoja na mingine kwa kikundi jioni ile. Kwenye ramani yao, sehemu iliyokuwa tupu juu ya ikweta ilijaa siku chache baadaye.

Mke wangu aliuliza kama sasa nimemaliza, nikamwambia mafungu ya kusini yanahitaji kurudiwa. Alisema sawa. Mama wa ng'ambo alipita asubuhi moja kuuliza kama pampu yake inaweza kuangaliwa tena, akaketi kwenye benchi la stoo akitazama mstari ukijichora, akisubiri nimalize. Hakuuliza ni wa nini.

Mashina yetu yalichukua zaidi ya miezi miwili kuchipua vizuri. Nililinganisha risiti za mizani na zile za miezi kama hiyo mwaka uliotangulia: zilipungua kilo mia sita na ishirini. Kwa shilingi ishirini na nne kila kilo, bila kuhesabu bonasi ya mwisho wa mwaka, tulipoteza shilingi elfu kumi na nne, mia nane na themanini.